Miaka 37, kwa mama, Kaptembwa: kila asubuhi najifanya nimelala

Wa Nyuma ya Pazia (mwenye uzi huu wa mjadala) – 2 Machi 2025

Ndugu zangu, naandika saa nane za usiku, simu iko chini ya blanketi ili mwanga usimfikie mama. Tunaishi chumba kimoja hapa Kaptembwa, Nakuru, na tumekigawa kwa pazia. Upande wake kuna kitanda, jiko na vyombo. Upande wangu kuna godoro na cherehani yake iliyofunikwa kitambaa, ambayo haijashona hata pindo tangu 2021. Juu yake naweka chaja na kikombe.

Mama huamka saa kumi na nusu. Anaenda Soko la Wakulima kuchukua sukuma na nyanya, halafu anauza hapa mtaani mpaka giza. Namsikia akitafuta viatu kwa mguu. Namsikia akimimina chai. Halafu komeo. Muda huo wote mimi niko macho, lakini nakaza kope na kuvuta pumzi ndefu kama mtu aliyelala fofofo, maana nikifumbua macho itabidi tusemezane, na sina la kumwambia. Mlango ukishafungwa ndipo usingizi wa kweli unanishika, mpaka saa tano. Nimefanya hivi miaka minne. Nina hakika anajua, kwa sababu huwa anatembea taratibu zaidi akipita karibu na pazia.

Nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2006, nikaanza diploma ya kompyuta mwaka uliofuata. Januari 2008, ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, mnaijua, hasa sisi wa Nakuru. Duka la baba liliteketea na vyote vilivyokuwa ndani. Karo ikakatika, baba akaanza kuugua, akatuacha 2011. Hiyo ndiyo hadithi ninayowapa watu wakiniuliza kwa nini sikumaliza, na kila neno lake ni kweli. Lakini kuna wawili ninaowajua, walichomewa wiki ile ile. Mmoja leo ana duka la vifaa vya ujenzi Lanet, mwingine anaendesha lori la viazi kutoka Molo. Nimeliwaza hili usiku kucha. Sababu yangu ilikuwa sababu mpaka kama 2012. Baada ya hapo muda wake uliisha, mimi nikaendelea kuitumia.

Nimebeba mawe kwenye mjengo. Nimeendesha boda ya mtu miezi minane. Mara ya mwisho kujisikia mtu ilikuwa sensa ya 2019, nilipokuwa karani, tableti mkononi na kitambulisho shingoni, watu wakinisubiri mlangoni niwahesabu. Sasa nina mikopo ya simu, jina liko CRB kwenye orodha ya wasiolipa madeni, na nikipata mia mbili inaingia kwenye kubeti kabla ya jua kuzama.

Siombi kazi wala pesa. Nauliza tu, mtu kama mimi anaanzia wapi? Na tafadhali msiniambie nijitume. Hilo neno nimelisikia mpaka halina sauti tena.

Boda wa Rhonda – 2 Machi 2025

Nitakwambia bila kupaka rangi. Mama yako anatoka gizani kwenda kukulisha mwanamume wa miaka 37. Umri wako baba yangu alikuwa na watoto watano na shamba. Mimi naamka saa kumi na moja, na si kwamba sipendi kulala. Hujui uanzie wapi? Anzia kubeba hilo gunia la sukuma.

Mwalimu, Kisumu – 2 Machi 2025

Boda, una haki ya kumwonea mama uchungu, lakini usimfanye huyu kuwa peke yake. Hapa Kisumu nimewafundisha vijana ambao leo wana digrii na wanakaa Kondele kwenye kivuli cha boda wakingoja simu isiyolia. Baba yako alikuwa na shamba. Huyu shamba liko wapi? Nchi imewasomesha watu kwa kazi ambazo haikuzitengeneza.

Kwako mwenye uzi: kama kuna ufundi wowote mikononi mwako, hata uliouokota barabarani, mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, haukuulizi cheti cha chuo. Una gredi tatu, unaanza Gredi ya Tatu na kupanda hadi ya Kwanza. Nimeona mafundi wa jua kali waliofanya kazi miaka kumi bila karatasi, wakapata karatasi hiyo na kulipwa vizuri zaidi kwa kazi ile ile.

Muuguzi Mstaafu – 3 Machi 2025

Mwanangu, mimi nimesoma yale ambayo wengine wameruka. Unalala mchana na usiku huwezi. Huna la kusema na mtu unayempenda. Miaka minne. Hayo hatuyaiti uvivu mpaka mtu amepimwa. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, uliza kliniki ya afya ya akili, uwaambie hivi hivi ulivyotuandikia.

Na kama kuna siku umewahi kufikiria kutokuwepo kabisa, sema hilo pia. Zamani watu waliogopa, kwa sababu Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Nimeona wagonjwa wakiamka wodini na askari ameketi miguuni. Januari mwaka huu Mahakama Kuu imesema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hakuna wa kukufunga kwa kusema unaumia.

Dada wa Bungoma – 3 Machi 2025

Nimesoma huku machozi yananitoka. Kaka yangu ana miaka 41, yuko nyumbani kwetu nje ya Bungoma, na ni wewe mtupu. Tumempigia kelele. Tumemnyamazia. Tulichanga tukamnunulia pikipiki, akaiuza. Mama amezeeka na bado anamwekea chakula chini ya kawa. Ukijua sisi wa familia tufanye nini, tuambie, maana tumeishiwa.

Mshonaji, Njoro – 3 Machi 2025

Hiyo cherehani ina ugonjwa gani?

Wa Nyuma ya Pazia – 3 Machi 2025

Imekwama. Gurudumu la mkono halizunguki hata ukilisukuma kwa nguvu zote. Ni ile nyeusi ya zamani ya miguu.

Mshonaji, Njoro – 3 Machi 2025

Hizo hazifi. Usibebe meza. Toa mkanda wa ngozi kwenye gurudumu, laza kichwa nyuma, utaona bawaba mbili, kila moja ina skrubu yake. Zilegeze, kichwa kitatoka chote. Kiweke kwenye gunia, upeleke kwa fundi mjini. Nje ya soko hawakosekani wazee wanaotengeneza. Ukishafika utuambie amesema nini.

Wa Nyuma ya Pazia – 14 Machi 2025

Samahani kwa kimya. Boda, sikuwa nimekasirika. Ulichosema nimejiambia mwenyewe kila siku, kwa maneno makali kuliko yako, na kila nikijiambia najifunika zaidi. Nilidhani aibu ndiyo itakayonitoa kitandani. Aibu ndiyo iliyokuwa blanketi lenyewe.

Jana nilipeleka mashine. Ilinichukua siku kumi kutoka kusoma ujumbe wa dada wa Njoro hadi kushika bisibisi, na siku hizo zote sikuwa na shughuli nyingine. Nilitoka mama alipokuwa kibandani. Kile kichwa ni chuma kitupu, na sikuwa na nauli. Nilitembea kutoka Kaptembwa hadi mjini nikibadilisha bega kila baada ya nguzo chache za stima. Watu waliniangalia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikujali, kwa sababu nilikuwa napeleka kitu mahali.

Nilimpata mzee mmoja barazani, karibu na Wakulima. Meza yake imejaa sindano, vijiti, magurudumu, kopo la mafuta taa. Hakuniuliza jina. Alikilaza kichwa kwa ubavu, akafungua bamba la chini, akapitisha kidole ndani. Kidole kilitoka na utando wa rangi ya asali iliyoungua, unaovutika kama gundi. Akanusa. Akauliza, "Nani alitia mafuta ya kupikia humu?"

Hapa lazima nieleze jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Januari 2021 shule zilipofunguliwa baada ya korona, mama alikuwa na sare nyingi za kushona, na mashine ilikuwa nzito. Siku moja ametoka, nikaona nimsaidie. Hapakuwa na mafuta ya cherehani. Nikachukua ya kwenye sufuria, nikatia kila tundu nililoliona. Ililainika, mama akafurahi. Wiki chache baadaye ikaanza kuwa nzito tena, halafu gurudumu likagoma kabisa. Mama akadhani imezeeka. Pesa ya fundi aliitafuta mara mbili, na mara zote mbili ilienda kulipa madeni yangu. Ndipo akaanza kuuza mboga. Kwa hiyo mnaponiona nimelala mama akitoka gizani, mjue ni mimi niliyemtoa kwenye kiti chake cha kushonea.

Nilikuwa na majibu mengi. Ningesema sijui, ningesema tuliinunua hivyo. Nikasema, "Ni mimi."

Mzee akatikisa kichwa tu. Akaeleza kwamba mafuta ya kupikia yakikaa kwenye chuma huganda na kushika kama gundi, ndiyo maana mashine hutiwa mafuta yake mepesi. Akachukua brashi, akaanza kutia mafuta taa kwenye kila kiungo. Akasema italala hivyo siku kadhaa. Halafu akasema, "Jumatatu saa mbili uje uizungushe. Mimi bega langu haliwezi, nitakungoja."

Ni hilo tu. Jumatatu saa mbili kuna mtu ananingoja. Sijalala vizuri kwa kuliwaza.

Boda wa Rhonda – 14 Machi 2025

Nenda. Usipoenda nitakutafuta Kaptembwa nyumba kwa nyumba.

Muuguzi Mstaafu – 15 Machi 2025

Na mama umemwambia?

Wa Nyuma ya Pazia – 27 Aprili 2025

Nilienda ile Jumatatu. Tulizungusha gurudumu mbele nusu inchi, nyuma nusu inchi, tunaongeza mafuta taa, tunangoja. Saa sita hivi likaachia. Kuna mlio mdogo linatoa likiachia, kama mtu anayekohoa usingizini. Mzee alicheka, mimi nikajikuta natetemeka mikono.

Kisha hakuniambia niende. Alinipa sumaku, akaniambia niokote sindano zilizoanguka chini ya meza. Kesho yake nikarudi, hakuna aliyeniita. Nimekuwa nikienda siku tatu kwa wiki, sasa ni karibu kila siku. Mwanzoni ilikuwa chai na mkate. Siku hizi kukiwa na kazi ananipa mia na hamsini, wakati mwingine mia mbili.

Niwaambie nilichojifunza, kwa sababu sijawahi kujua kitu kwa undani namna hii. Mshonaji akija analia kwamba uzi unafanya vitanzi chini ya kitambaa, mara nyingi ameshachezea skrubu ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, mpaka ameiharibu. Anaona kasoro iko chini, anadhani chanzo kiko chini. Sivyo. Vitanzi vya chini vinaletwa na uzi wa juu ambao haujabanwa. Nao uzi wa juu ukikatika kila mara, usikimbilie kulaumu uzi. Mzee hupitisha kucha polepole kwenye ncha ya shato, kile chuma cha chini kinachonasa uzi wa juu. Kuna alama ndogo sana huwezi kuiona kwa macho, imechorwa siku sindano ilipovunjika, na kila uzi ukipita hapo unanyofolewa. Unasugua kwa msasa laini, unapitisha kucha tena. Juzi aliniachia mimi nitafute hiyo alama. Nilipitisha kucha mara nne. Mara ya tano nikaisikia.

Mama. Nilirudisha kichwa nyumbani jioni, nikakifunga kwenye bawaba zake, nikavalisha mkanda. Alipoingia alikiona. Hakusema neno, akaweka beseni chini, akaketi, akaweka miguu kwenye kanyagio bila kuvua hata kanga ya kichwa. Alipokanyaga ikazunguka. Nikamwambia yote, mafuta ya kupikia na kila kitu, nikiwa nimesimama kama mtoto wa shule. Aliendelea kukanyaga muda mrefu, hakuna kitambaa, sindano inapanda na kushuka tu. Halafu akasema, "Najua. Ilikuwa inanuka kitunguu."

Miaka minne alijua, na hakuwahi kunirushia.

Muuguzi, nilienda pia kliniki uliyosema. Daktari alisema ni ugonjwa wa huzuni, na kwamba umekaa sana. Sasa naenda Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, kuongea. Sikutegemea kuongea kungenichosha kama kubeba mawe.

Dada wa Bungoma, uliniuliza familia ifanye nini, nikakosa jibu. Labda hili. Msimpe kaka kitu, mpeni mahali pa kufika ambapo asipofika kuna mtu atabaki anasubiri. Pikipiki haimngoji mtu.

Dada wa Bungoma – 27 Aprili 2025

Asante, nimefurahi kwa ajili ya mama yako kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini hilo tumelijaribu. Tulimpa kuku hamsini wa kienyeji awe msimamizi. Kuku wanamngoja mtu kila asubuhi, au sivyo? Walikufa wote ndani ya miezi miwili. Wengine kwa ugonjwa, wengine kwa kiu.

Wa Nyuma ya Pazia – 28 Aprili 2025

Pole sana dada. Basi sijui, na nisikudanganye. Kitu kimoja tu nauliza: hao kuku, wakifa, nani alikuwa wa kwanza kujua na alisema nini? Kwa sababu mzee wangu alipojua mashine nimeiharibu mimi, maneno yake ya kwanza yalikuwa ya mafuta. Hakunisema mimi.

Dada wa Bungoma – 28 Aprili 2025

Sote tulijua siku ile ile. Tulisema mengi. Tuliyasema mbele ya majirani.

Mwalimu, Kisumu – 2 Juni 2025

Mwenye uzi, kimya kirefu. Uko salama?

Wa Nyuma ya Pazia – 3 Julai 2025

Niko hai, na sina habari njema. Nimejishauri kama niandike au niache uzi huu ufe, nikaona mlinisikiliza nikiwa chini mara ya kwanza.

Mnakumbuka mwishoni mwa Aprili serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Sikuwa nimejua ni kelele kiasi gani mpaka iliponyamaza. Redio ya barazani, vibao, ujumbe wa simu. Ule mwezi sikubeti hata shilingi, na nikaamini nimepona. Matangazo yaliporudi nilikuwa nimeshaacha kujilinda.

Wiki ya pili ya Juni mzee alinipa shilingi 1,800 nikanunue shato mbili na kesi za bobini za wateja. Nikiwa njiani simu ikaita ujumbe, kampuni ya kubeti inanipa mchezo wa bure wa kile kindege, kinachopaa na dau lako, kikitoweka kabla hujatoa pesa umepoteza. Nilisimama chini ya mti karibu na stesheni ya reli. Dakika kumi na moja, nilihesabu baadaye kwenye simu. Zote 1,800 zikaisha.

Sikurudi barazani. Nilirudi nyuma ya pazia. Wiki tatu. Asubuhi komeo, nami nakaza macho kama zamani, tofauti tu ni kwamba sasa nasikia pia cherehani jioni mama akimaliza kuuza, anashona mapazia ya watu. Sauti hiyo ilikuwa inanichoma, kwa sababu ilikuwa nzima.

Jumatatu iliyopita nilienda. Julai ya Nakuru mnaijua, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mzee alikuwa na koti mbili. Nikamwambia pesa nilichezea kamari. Alinyamaza, akavuta daftari lake la mraba analoandikia kazi, akaandika 1,800, akachora mistari kumi na minane. Akasema, "Mia kwa siku. Kaa." Kisha akanisogezea mashine ya mtu. Hakuuliza nilikuwa wapi. Leo nimefuta mstari wa nne.

Simu nimempa mama, nimebaki na ile ya vitufe. Hapa naandikia kwenye saiba, kompyuta za kulipia.

Boda wa Rhonda – 3 Julai 2025

Nilijua utarudi kubeti, nilikuwa naomba tu nisijue. Nami nisikufiche: yale niliyokuandikia mwezi wa tatu niliyaandika siku niliyokuwa nimepoteza pesa ya bosi ya siku mbili kwa kindege hicho hicho. Naamka saa kumi na moja kweli. Nalipa deni hilo kwa kuamka.

Umefanya vizuri kusema.

Muuguzi Mstaafu – 3 Julai 2025

Alhamisi umerudi kwa daktari?

Wa Nyuma ya Pazia – 3 Julai 2025

Nilikosa mbili. Nimetoka huko leo, ndiyo maana niko karibu na saiba.

Dada wa Bungoma – 19 Septemba 2025

Nimekuja kusema kitu kidogo. Mjomba wetu ana mashine ya kusaga unga kule sokoni, magoti yamemshinda. Alimwambia kaka awe anaenda kumwashia injini asubuhi, basi, awashe aende zake. Hatukuchangia neno, mama alitukataza. Mwezi wa kwanza alienda siku tisa. Mwezi wa pili alienda kumi na nane. Hatumpongezi wala hatumuulizi. Nahesabu kimoyomoyo.

Wa Nyuma ya Pazia – 19 Septemba 2025

Kumi na nane ni nyingi. Mtu asiyewahi kukaa humu hawezi kujua ni nyingi kiasi gani.

Mistari yangu nilimaliza kufuta mwezi wa saba. Mzee alikata ukurasa akanipa. Ninao.

Wa Nyuma ya Pazia – 17 Januari 2026

Samahani, kazi imetumeza. Wasioshona hawawezi kuelewa tofauti ya Januari hii na ile iliyopita. KCPE, ule mtihani wa kumaliza msingi, ya mwisho ilifanywa 2023, wale wakaingia Kidato cha Kwanza 2024, kwa hiyo Januari 2025 hakukuwa na darasa jipya la sekondari, na mzee anasema mafundi wa sare walikaa wanatazamana. Mwaka huu ndio watoto wa kwanza wa Gredi ya 10, wa mtaala mpya, wameingia sekondari ya juu, wote kwa mpigo, na shule nyingi ni za mbali na kwao, kila moja na rangi yake ya sweta na sketi. Mashine zilizokuwa zimelala miaka miwili zimeamshwa usiku mmoja na kukimbizwa. Zimekatika mikanda, zimevunja sindano, zimeletwa kwetu kwa boda, kwa mkokoteni, moja kwa mgongo wa mtoto.

Mzee alipata msiba kwao Nyahururu, katikati ya msimu. Akanipa ufunguo wa sanduku la vifaa, akaniambia atarudi baada ya siku nne. Wateja wengine walipoona hayupo waligeuka. Mama mmoja wa Section 58 aliweka mashine mezani akasema atasimama hapo hapo aone ninachofanya. Alisimama. Ilikuwa sindano imewekwa upande usio wake, kazi ya dakika moja, lakini nilimsafishia pia meno ya kusukuma kitambaa, yalikuwa yamejaa vumbi la pamba limeshikana kama blanketi. Alilipa mia mbili akaniuliza jina.

Siku ya tatu sikutaka kuamka. Nisiwafiche. Ule uzito ulikuja wote kama haujawahi kuondoka. Nilikaza macho. Mama alikuwa anatafuta viatu, nikasikia amesimama karibu na pazia, muda mrefu kuliko kawaida. Akasema, "Baba, ufunguo ni wewe unao."

Tulitoka pamoja. Yeye sokoni, mimi barazani, saa kumi na moja na nusu, hakuna mteja hata mmoja, nikakaa kwenye koti la mzee mpaka jua lilipotoka.

Mwalimu, mtihani wa NITA nimeanza kuuliza, upande wa ushonaji. Mama ananifundisha kukata sketi. Anasema mkono wangu mzito.

Bado naishi nyuma ya pazia. Madeni mawili ya simu yamebaki.

Boda wa Rhonda – 17 Januari 2026

Section 58 ndiko napakia asubuhi. Huyo mama nimembeba jana. Alikuwa anamwambia mwenzake kuna kijana Wakulima asiye na haraka.

Mshonaji, Njoro – 18 Januari 2026

Hongera kwa kazi. Sasa nisaidie mimi. Yangu imeanza kuweka vitanzi chini ya kitambaa tangu Ijumaa, na nina sketi ishirini na mbili za Jumatano. Nimekaza bobini, nimelegeza bobini, hakuna kitu.

Wa Nyuma ya Pazia – 18 Januari 2026

Dada, acha bobini kabisa, rudisha ile skrubu ilivyokuwa. Toa uzi wote wa juu. Inua mguu unaobana kitambaa kabla ya kupitisha uzi tena, usisahau hapo, maana mguu ukiwa chini zile sahani mbili za kubana zinakuwa zimefunga, na uzi unapita juu yake badala ya katikati. Pitisha, shusha mguu, vuta uzi kwa mkono. Ukisikia umekaza, jaribu kwenye kitambaa kibovu kwanza. Ukiwa bado unateleza, fungua hizo sahani, kutakuwa na kipande cha uzi kimenasa ndani, kitoe kwa kona ya karatasi, usitumie sindano, utazikwaruza.

Ikikataa, laza kichwa, toa kwenye bawaba, panda matatu ya asubuhi. Nipo kuanzia saa moja na nusu, nitakungoja.